Nani Ataonja Kwanza

Harufu ya asali ya mlimani, ile nyeusi yenye moshi ndani yake, bado hunikausha koo. Ndiyo maana riwaya ya mwisho kati ya zile nilizosoma likizo hii sikuimaliza. Ya kwanza ilinichosha tu: muuaji nilimjua kabla chai yangu haijapoa. Ya pili ina mpelelezi anayejieleza kama mwalimu mkuu siku ya wazazi, na hofu haipendi maelezo mengi. Lakini hii ya mwisho, ambamo mtu analishwa sumu na jamaa anayemwamini, niliifunga nikaisukuma chini ya mto. Waandishi wengi hudhani kitisho ni maiti. Mimi nilijifunza utotoni, kwetu Kibomet, kwamba kitisho ni kijiko kinachokaribia mdomo wa mtu unayempenda.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Shangazi Nafula, dada yake baba, alitusomea riwaya ya kuazima tukipukuchua mahindi uani, vumbi la magunzi likitukereketa shingoni. Katika hadithi ile, jirani mcheshi aliua watu kwa zawadi za chakula. Kikulacho ki nguoni mwako, shangazi alikuwa akisema kila afunuapo ukurasa, nami nilimeza kila neno. Tena sisi tulikuwa na jirani wetu, mzee aliyehamia kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambaye alikuwa amegombana na baba juu ya mpaka wa shamba hadi wakaacha kusalimiana. Alasiri moja, ukungu umeshuka, akaja akitabasamu na kibuyu cha asali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kwetu anayeleta cha kula au kunywa huonja kwanza mbele ya wote, ndiko kutoa sumu. Mzee hakuonja. Baba naye, kwa hamu ya kumaliza ugomvi, hakumkumbusha. Akachota kijiko, akakielekeza mdomoni.

Nilimnyang'anya kijiko nikameza mimi.

"Weh! Ni nini hii sasa?" baba alifoka.

"Yeye hajaonja, Baba," nikasema, nikaanza kulia.

Mzee alishika kichwa. "Woi, nimesahau, bana! Si ningeonja mimi, mtoto wangu?" Akachota vijiko viwili mfululizo, akavimeza. Haikunisaidia. Niliketi nimeegemea ukuta wa ghala nikisubiri kufa, nikisikia moyo wangu hadi masikioni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu hapo. Baba hakunichapa. Alikuja akaketi kando yangu, akanitazama usoni bila kusema kitu, hadi ng'ombe wakarudi nami nikaomba ugali.

Sasa baba ni mzee sana, na watu wa nyumbani mwake wanamtoka akilini mmoja baada ya mwingine. Wiki jana nilimpelekea uji wa wimbi, kama kawaida. Alinikodolea macho, akarudisha kikombe mikononi mwangu.

"Wewe mama, umetumwa na nani? Onja kwanza."

Hakuna riwaya iliyowahi kunitia baridi kama maneno hayo. Nikaonja mbele yake, polepole, aone koo langu likimeza. Baba alinitazama usoni bila kusema kitu, akisubiri kuona kama nitakufa.