Picha ya Paka Siku ya Posa

Nilirudi Kalemie, enzi za Zaire, na suti tatu na diploma ya fundi wa maabara niliyoipata Ubelgiji kwa jasho langu mwenyewe. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na karatasi kama ile, na sikumficha mtu. Nilipokwenda kuposa niliibeba ndani ya fremu, pamoja na picha zangu za kazini.

Baba wa binti, mfanyabiashara wa dagaa, akaikazia macho picha moja. Nilikuwa nimevaa koti jeupe, nimekumbatia paka.

"Docta, huyu njo mugonjwa wako?"

"Ndiyo, Papa."

"Miaka yote Ulaya, kulea paka!" akasema shangazi wa binti, na nyumba nzima ikacheka.

Nikasimama, nikawafundisha. Paka wana kirusi chao, ndugu wa kile cha sida, yaani ukimwi. Hakimwambukizi mtu, lakini ndani ya paka kinapita njia ileile: kinamaliza polepole chembe zinazolinda mwili, mpaka ugonjwa mdogo tu unamwangusha. Mtu huwezi kumwambukiza ili umtazame. Kwa hiyo tulimtazama paka, tukimtoa damu kila juma. Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko Wabelgiji wenyewe.

"Lakini huyu ni munene," shangazi akasema. "Mugonjwa gani ananenepa?"

"Mama, anaweza kukaa miaka, anakula, anacheza. Kwa macho huwezi kujua. Damu tu njo inasema."

Nilijivunia jibu lile kwa nusu dakika. Shangazi akanitazama kuanzia viatu hadi kitambi.

"Na wewe munene wa Ulaya, tutakujua namna gani?"

Walicheka tena, isipokuwa baba. "Mutoto wangu haendi kwako mpaka damu iseme."

Ningepingaje somo langu mwenyewe? Nikakubali, ila na binti apimwe.

"Mutoto wetu? Kwa nini?" shangazi akafoka.

Binti akajibu kutoka mlangoni: "Tantine, mimi pia ni munene."

Damu zetu zikapanda treni kwenda Lubumbashi. Majuma matatu, mimi niliyejua kila hatua ya kirusi, nilijipapasa tezi za shingo kila asubuhi mbele ya kioo.

Majibu yakaja: sote wawili wazima. Papa akaisoma karatasi mara mbili, akasema mahari iletwe Jumamosi.

Nikaipeleka Ijumaa.