Nyumba ya Kisumu Iliyochorwa Jeddah

Badawi alizaliwa Jeddah mwaka 1966, miaka miwili baada ya wazee wake kutoka Unguja, na mpaka alipofika umri wa miaka arubaini na saba alikuwa hajaikanyaga Afrika. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Sharafiya, juu ya duka la simu, na bosi wake alikuwa mhandisi wa Kisaudi, mtu mpole aliyependa kazi iishe bila maneno mengi. Badawi alikuwa kinyume chake, mtu wa kuuliza. Tangu mdogo alimsumbua baba yake kwa maswali, hasa kuhusu pande za dunia, maana mzee yule alipotaka kusema kaskazini alisema "kibla", kama walivyozoea kwao Unguja. Jeddah kibla iko mashariki. Watoto walicheka, lakini Badawi hakucheka. Alitaka kujua vipi upande mmoja uhame kwa sababu tu mtu amehama.

Mwezi wa Septemba 2013 simu yake iliita, na upande wa pili kulikuwa na sauti ya Kiswahili cha Kenya.

"Mzee, mimi naitwa Jitu. Niko Riyadh, nafanya kazi ya mashine za hospitali. Kuna daktari wa Mombasa amenipa namba yako, akasema unachora nyumba na unaongea Kiswahili."

"Nachora, bwana. Na Kiswahili nnacho, cha kurithi tu."

Jitu alikuwa Mhindi wa Kisumu, wa ukoo uliofika huko tangu enzi za babu. Walikuwa ndugu watatu na mama yao. Walitaka kujenga nyumba moja ya ghorofa nne mtaa wa Milimani, juu kidogo ya ziwa: kila ndugu na ghorofa yake, mama yao akae nao, na kijani kila mahali, si bustani ya chini pekee bali mimea kwenye kila baraza na juu ya paa. Badawi alifurahi. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akichora majumba ya kuta ndefu yenye sebule mbili, ya wanaume na ya wanawake, na uani mtende mmoja. Alichora ramani ile kwa wiki tatu, akaituma kwa baruapepe.

Jibu lilikuja kesho yake. "Choo kiko kaskazini mashariki. Haiwezekani."

Badawi alipiga simu. "Bwana Jitu, kwa nini haiwezekani? Bomba linapita hapo hapo."

"Vastu haikubali."

Badawi alidhani Vastu ni jina la mke wa Jitu. "Basi nipe nizungumze naye," alisema.

Jitu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamweleza kwamba Vastu ni elimu ya kale ya Kihindi ya kupanga nyumba kwa kufuata pande za dunia. Kaskazini mashariki ni pa maji na ibada, paachwe wazi na pepesi. Jiko likae kusini mashariki, upande wa moto. Kusini magharibi pawe pazito: kuta nene, miti mikubwa, chumba cha mkubwa wa nyumba. Na katikati pasijengwe kitu, pawe wazi hadi mbinguni.

Jioni ile Badawi alichukua daftari la mwanawe la skuli, akagawa ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja aliandika kanuni alizoziona zina sababu, upande wa pili zile asizozielewa. Jiko kusini mashariki: jua la asubuhi linakausha unyevu. Sawa. Katikati wazi: hewa moto inapanda na kutoka. Sawa, hata nyumba za zamani za Jeddah zina shimo la hewa. Lakini ngazi kuzunguka kwa mkono wa kulia tu, kwa nini? Mkewe, Wahida, alimkuta amejiinamia.

"Hayo si mambo ya dini yao?" aliuliza.

"Mengine ya dini, mengine ya jua na upepo. Natafuta mpaka uko wapi."

"Na ukishaupata?"

"Nitakuwa nimeujua."

Alichora mara ya pili, ikakataliwa kwa sababu ya mlango. Alichora mara ya tatu, Jitu akaona chumba cha ibada kimepinda kidogo. Hapo Badawi alinunua dira na kupanda basi la Riyadh. Alishuka mtaa wa Batha asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo mwaka ule ule ilikuwa imefanywa ya mapumziko, akachukua teksi mpaka nyumbani kwa Jitu.

Ilikuwa fleti ya ghorofa ya pili. Jitu alikuwa na miaka arubaini hivi, mwembamba, mwenye mazoea ya kunyoosha vitu mezani vikae sambamba. Walitandaza ramani, wakaweka vikombe pembeni isijikunje. Chai ililetwa na Jael, dada wa Kenya aliyefanya kazi za nyumbani pale. Badawi aliona jinsi alivyochelewa kuondoa mkono kwenye sinia, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

Jitu alipiga simu Kisumu, akaiweka simu mezani iwe na sauti kubwa. Upande wa pili alikuwa mama yake. Wao ni Wagujarati, na Wagujarati humwita mama Ba, na kila mtu katika habari hii alimwita hivyo.

"Bwana Jitu," Badawi alisema, "kabla sijachora tena, niulize jambo moja. Hii Vastu nimeisoma sasa miezi miwili. Naona hata wenyewe wanaipinda pale inapobidi. Wewe hutaki kupinda hata kidogo. Kwa nini?"

Jitu alinyoosha kalamu ikae sambamba na rula. "Nyumba ya zamani mlango wake ulikuwa kusini magharibi," alisema. "Mjomba alimwambia baba miaka yote, abadilishe. Baba hakubadilisha. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, duka letu la vyuma likachomwa. Miezi minne baadaye baba akafa. Nataka nyumba ambayo haina kosa hata moja."

Jael alikuwa bado amesimama na sinia. Alikuwa Mjaluo wa Seme, karibu na Kisumu, na siku zile za fujo alikuwapo mjini. Hakujua aende au abaki.

Sauti ya Ba ilitoka mezani. "Jitu, mlango haukuchoma duka. Watu walichoma. Na watu wengine walikuja wakatubebea maji ya kuzima, unawajua."

"Najua, Ba."

"Basi usimsumbue huyo mzee. Mimi nataka mahali pa kusali pa kuona jua likitoka, na mahali pa mrehani wangu wa ibada. Halafu nataka kulala chini. Mmenipeleka ghorofa ya tatu na haya magoti?"

Jitu alisema chumba cha mkubwa ni kusini magharibi, na kule juu ziwa linaonekana. Ba akajibu kwamba kusini magharibi iko hata chini, na ziwa amelitazama miaka sabini. Badawi aliandika upesi asisahau. Kisha Ba akauliza, "Nani mwingine yuko hapo? Nasikia vikombe."

"Ni mimi, Ba. Jael."

"Jael, si uliniambia ulikuwa unauza miche barabara ya Kibos? Angalia hiyo karatasi. Hii miti wameniwekea ni gani?"

Jael alimtazama Jitu, na Jitu akamsogezea kiti. Hakukaa. Aliinama, akauliza ziwa liko upande gani wa ramani. Badawi alimwonyesha, magharibi na kusini kidogo. Jael akafuata mistari kwa kidole bila kuigusa.

"Bosi, hii laini ya miti ni ile mirefu myembamba ya Kihindi?"

"Ndiyo," Jitu alijibu. "Ni mizuri, na Vastu inataka miti mikubwa pale."

"Ni mizuri. Lakini majani yake yanaanza juu yanafika chini kama pazia. Na upepo wa mchana Kisumu unatoka ziwa. Mkiweka hiyo, Ba atalala ndani ya jiko."

Badawi aliinamia karatasi. Miezi miwili alikuwa amehesabu pande za dunia, na hakuwahi kuuliza upepo wa Kisumu unatoka wapi. "Na jua la jioni?" aliuliza. "Si linapiga kutoka upande huo huo?"

"Linachoma sana, mzee. Kivuli unataka. Pazia ndiyo hutaki."

"Kuna mti wenye kivuli juu na shina tupu chini?"

"Mkungu. Matawi yake yanatanda tabaka tabaka, chini unapita na kiti chako."

Jitu aliuliza kama mkungu ni mti mkubwa. Jael alisema ukizeeka huwezi kuukumbatia. Jitu akatikisa kichwa kukubali. Vastu ilikuwa imetaka miti mikubwa, na mikubwa ndiyo hiyo. Badawi naye akakumbuka madirisha ya mbao ya nyumba za zamani za Jeddah, yaliyotobolewa tobolewa ili upepo uingie na jua libaki nje. Palepale alichora ukuta mnene wa kusini magharibi, kisha akautoboa vivyo hivyo.

Jael alikuwa amefika katikati ya karatasi. "Hapa juu hakuna paa?"

"Wazi mpaka juu."

"Na mvua ikinyesha, maji yanatokea wapi?"

Badawi alimwonyesha duara dogo. Lilikuwa bomba la inchi mbili. Jael aliziba mdomo kwa mkono asicheke. "Mzee, Kisumu umewahi kufika?"

"Sijawahi kufika popote huko, mwanangu."

"Mvua yetu ya saa kumi, hilo bomba linashikwa na jani moja."

Badawi aliyajua mafuriko ya Jeddah ya mwaka 2009; aliona magari yakielea kama masanduku. Alivuta karatasi safi, akaomba aelezwe mvua ya Kisumu: inaanza vipi, inatoka upande gani, inadumu muda gani. Jael sasa alikaa. Walitumia saa tatu nzima, na mke wa Jitu aliporudi kutoka kazini aliwakuta wote watatu wamesahau chakula.

Ramani ya nne ilikubaliwa. Bosi wa Badawi, akiipitia kabla haijachapwa, aliweka kidole kwenye kile chumba kidogo cha kaskazini mashariki na kuuliza cha nini. Badawi hakutaja ibada, maana ya Kihindu haikuruhusiwa nchini mle; alisema ni cha mama yao kukaa asubuhi. Bosi aliitazama tena, akasema basi kiandikwe hivyo, halas, yaishe. Kikaandikwa Chumba cha Asubuhi.

Msanifu wa Kisumu, Stephen, aliikagua ramani na kunenepesha nguzo mbili. Ujenzi ulichukua miaka miwili na nusu. Jael alimaliza mkataba mwaka 2015 akarudi kwao, na Ba ndiye aliyempigia simu aje apande mikungu, mimea ya baraza na mrehani. Alifungua tena kitalu cha miche, na baadhi ya majirani wa Milimani wakawa wateja wake.

Mwaka 2018 Jitu naye alirudi kwao jumla, akamwalika Badawi. Badawi na Wahida walikwenda mwezi wa Desemba. Alipoingia alisalimia, akaomba radhi, akaanza kuzunguka. Alipapasa ukuta uliotobolewa, na upepo wa ziwa ukapita kati ya vidole vyake. Alimkuta Ba chumbani kwake chini, mdogo kuliko sauti yake, naye Ba akamshika mkono asiuachie. Lakini alipopanda kwenye sebule za ghorofa tatu za ndugu wale, alizikuta tupu.

"Watu wako wapi?" alimuuliza Jael, aliyekuwa amekuja kumwona.

Jael alimpeleka kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, pale zinapokata kona. Watoto sita walikuwa wameketi na madaftari, wake wawili wa ndugu wale wakichambua maharagwe, na Wahida tayari alikuwa kati yao na ungo mapajani.

"Kila siku wako hapa," Jael alisema. "Sijui kwa nini."

Badawi aliangalia juu, akaangalia chini. Pale palikuwa mahali pa kugeuza ngazi tu, mita mbili kwa tatu. Alipachora kwa dakika tano bila kumuuliza mtu wala kufuata kanuni yoyote. Aliomba nafasi, watoto wakasogea, akakaa nao ili aone kuna nini.