Wanane kwa Saba

Kitu kilichoninyima raha Toronto miaka ile, kuliko hata baridi, ni bei zilizobandikwa. Nilikuwa nimeuza mitumba Kariakoo miaka kumi na mmoja, na kwangu shati lenye bei ya kuandikwa lilikuwa kama mtu asiyeitikia salamu. Unaingia dukani, unasoma, unalipa, unatoka. Hakuna aliyekuuliza umetoka wapi, hakuna aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba anakuuzia kwa hasara. Siku moja nilimbembeleza muuza samaki wa Kichina katika mtaa wa Agincourt anipunguzie kidogo tu, kwa ajili ya heshima. Akaniangalia kwa huruma, akanitilia ndimu moja ya bure. Nikauhesabu ule kuwa ushindi. Nikarudi kwenye chumba changu cha ghorofa ya tisa, nikapika, nikala, na kichwa cha samaki nikakiacha kwenye sahani. Hapakuwa na wa kugombania naye.

Kazi yangu ilikuwa kufungasha biskuti. Kiwandani tulivaa vizibo vya masikio, kwa hiyo tangu Jumatatu hadi Jumamosi Kiswahili changu kilifanya kazi moja: kuhesabu maboksi, kimoyomoyo, mara mbili.

Ndiyo maana nilikipenda kile chama chetu cha wasemaji wa Kiswahili kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kupenda chama. Tulikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane hadi saa kumi na moja, katika chumba cha chini cha kanisa moja pale Agincourt, dakika nne kutoka kituo cha basi. Kilinuka unyevu. Hakikuwa na dirisha. Lakini ukiingia tu, mtu anakupigia kelele: "Eh, huyo! Mwenye koti la marehemu!" na wewe unamjibu, na kifua kinafunguka.

Katiba ya chama ilikuwa imeandikwa na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, mstaafu, ambaye aliyapenda mabunge kama wengine wanavyopenda mpira. Yeye mwenyewe hakuwa mjumbe. Alihesabu kura tu, kwa kuwa hakuwa na upande. Alitupa baraza la viti kumi na tano, na sheria kwamba atakayepata wanane ataunda serikali. Serikali ikiitiwa kura ya imani isipopata zaidi ya nusu, imeanguka siku hiyohiyo. Kamati iliyompitishia Mwalimu katiba hiyo mimi nilikuwemo. Hata kifungu kimoja nilikichangia, nikajisifia kwa wiki nzima. Nitakifikia.

Uchaguzi ulipokwisha, hakuna aliyepata wanane. Watu wa Markham na Pickering, miji ya pembeni, wenye nyumba na magari, walipata saba. Sisi wa Scarborough, watu wa basi, tulipata sita. Wawili waliobaki walikuwa wageni wapya kutoka Kongo: mzee mmoja wa kanisa, fundi wa kuchomea vyuma ambaye hapa alisafisha ofisi, na mama mmoja wa Uvira aliyewahudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Sita na wawili ni wanane. Nikatumwa kwao, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege, nikajiona niko kazini.

"Mnataka nini, mzee wangu?" nilimuuliza yule fundi.

"Maombi yafungue mkutano."

"Ya dakika ngapi?"

"Maombi hayana saa, ndugu."

"Ukumbi unayo. Saa kumi na moja tunafungiwa mlango."

Tukakubaliana dakika tatu za maombi mwanzoni na dakika tatu za dua mwishoni, ili Waislamu wetu wasione wamepunjwa. Siku ya kwanza aliomba dakika kumi na moja. Nikamwambia mwenyekiti wetu asimkatize. Serikali ilikuwa na umri wa robo saa. Kisha ikaja hoja ya ugali. Wao walitaka wa muhogo, sisi wa mahindi, na kila upande uliuita wa mwenzake gundi ya karatasi. Nikawapatia masufuria mawili. Kisha kumbukumbu za mkutano: mzee alitaka nakala ya Kifaransa. Nikamuuliza nani ataisoma. Akasema hakuna, lakini iwepo. Ikawepo.

Mwaka ule mzee alijiuzulu mara tatu, mbili kwa simu. Kila mara nilipanda basi nikaenda kwake, nikanywa chai yake yenye tangawizi kali, nikamrudisha. Cheo changu kilikuwa mnadhimu, yaani mchunga kura. Simu yangu ililia kila jioni: huyu kanuna, yule kaambiwa neno na mke wa fulani, mwenyekiti anauliza kama bado tuko wanane. Wote walinipigia kwa sababu ya kura, najua. Lakini simu ni simu. Kabla ya hapo ilikuwa ikilia kwa makosa tu, na hata hao waliokosea namba nilikuwa nawachelewesha kidogo kuwaambia.

Basi, majira ya baridi yakaingia, na mama mmoja wa Markham, kiongozi wa wale saba, akaleta hoja. Alikuwa Mtanzania wa Moshi, mwenye ofisi yake, na sauti ya kuomba msamaha huku anakukanyaga. Alikuwa amepata ukumbi kaskazini ya Markham: madirisha, jiko, maegesho ya bure. Serikali ikubali kuhamia huko, au ipigiwe kura ya imani.

"Na basi?" nilimuuliza. "Jumapili halifiki huko."

"Kaka yangu, tutapeana lifti! Sisi si ni ndugu?"

Nilikuwa nimeshaishi kule miaka ya kutosha kujua lifti ni nini. Mwezi wa kwanza wanakufuata mpaka mlangoni. Mwezi wa pili wanakwambia usimame kona fulani. Mwezi wa tatu mtoto ana mashindano ya kuogelea. Ukumbi ukihamia Markham, mimi sina pa kwenda Jumapili. Ni hivyo tu. Wengine walizungumza habari za katiba na heshima ya baraza. Mimi nilikuwa napigania dakika nne kutoka kituo cha basi.

Kwa wiki mbili niliwapigia simu wote wanane, pamoja na mimi mwenyewe, maana asubuhi kabla ya kazi nilijiuliza kwenye kioo kama bado nimo. Tatizo lilikuwa yule mama wa Uvira. Jumapili hiyo alikuwa zamu. Nilimfuata kwenye kituo cha basi cha barabara ya Sheppard alipotoka kazini, nikasimama naye kwenye theluji.

"Mwenzangu atanipa Jumapili yake," alisema, "lakini anataka Jumamosi mbili."

"Mbili kwa moja! Ungeniita mimi, ningeipata kwa moja na biskuti juu."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka mara chache, na kikao kizima aliweza kumaliza bila kutia neno.

"Papa, miye nitakuya," akasema. Alinizidi miaka kadhaa, lakini kwao mwanamume wa heshima ni papa. "Lakini kama tunashindwa? Kule Markham nani atanipeleka? Sina mutu hapa. Ile siku moja ya mwezi ndiyo nasikia watu."

"Hatutashindwa, mama. Tuko wanane. Na tukishindwa, popote nitakapopanda mimi, na wewe utapanda."

Nilisema hivyo bila kuulizwa na bila kupatana. Ni ahadi pekee katika siasa zangu niliyoitoa kwa bei ya kwanza.

Siku ilifika na theluji yake. Saa nane kamili tulikuwa saba kwa saba. Mzee aliomba dakika tisa na safari hii nilimwombea aendelee. Saa nane na dakika ishirini mlango ukafunguka, yule mama akaingia, sare ya kazi inaonekana chini ya koti, viatu vimelowa mpaka kwenye vifundo. Alipanda mabasi mawili na la tatu akalikosa, akatembea. Nikahesabu: wanane. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili wa meza: wanane.

Aliyepungua alikuwa Mwalimu. Mama wa Markham ndiye aliyepaswa kumpitia kwa gari.

"Mwalimu amepata mafua," akasema, na akaonekana kusikitika kweli. "Sasa nani atatuhesabia? Mimi napendekeza kaka yetu mnadhimu. Nani hapa atabisha? Huyu akihesabu kitu, hata kama ni punje za mchele, kimehesabika."

Watu wakapiga makofi. Watu wangu ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Miaka mingapi ilikuwa imepita tangu mtu anisifu mbele ya watu? Nilisimama. Nikatengeneza shingo ya shati. Nikatoa kalamu mfukoni kama daktari.

"Wanaoiunga mkono serikali?" mwenyekiti akauliza.

Nikahesabu mikono. Mmoja, wawili, mzee, yule mama na kiganja chake chekundu kwa baridi. Saba. Nikanyanyua na wangu, kalamu ikiwa ndani.

"Samahani, kaka yangu," mama wa Markham akasema, taratibu kabisa. "Kifungu cha kumi na moja."

Kifungu cha kumi na moja: anayehesabu kura hatapiga kura. Ndicho kile nilichokichangia mimi. Nilikuwa nimewaeleza kamati, kwa mifano ya sokoni, kwamba mwenye mizani asiwe mnunuzi. Walinisifu siku hiyo pia. Kwa kuwa Mwalimu hakuwa mjumbe, kifungu hicho hakikuwahi kumgusa mtu yeyote, na kikanitoka kichwani mpaka sekunde ile nilipokuwa na mkono hewani.

Nikaushusha. Nikahesabu upande wa pili. Saba. Nikarudia pande zote mbili, polepole, kama kwamba mtu angeweza kuongezeka.

"Saba kwa saba," nikasema. "Serikali imeanguka."

Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Mwenyekiti alinishika bega akasema, "Basi, mnadhimu," kama anayetazama maji yaliyokwisha kumwagika. Mzee akajiuzulu kwa mara ya nne, ingawa hakukuwa na kitu cha kujiuzulu. Yule mama alikuwa anajifunga skafu. Aliponipita aliniuliza tu, "Lifti, papa, utaniambia siku?" Nikamwambia ninashughulikia. Mafua ya Mwalimu, nilisikia baadaye, yalipona Jumatatu.

Simu ikanyamaza. Sikutegemea iwe haraka hivyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata miguu ilinipeleka yenyewe Agincourt. Mle chumbani wazee wa Kipolandi walikuwa wanacheza karata. Mmoja akaniashiria nikae, nikatikisa kichwa. Nikavuka barabara, nikanunua kahawa na donati, nikakaa dirishani hadi saa kumi na moja, muda kamili wa mkutano. Mwezi wa pili nikafanya vilevile. Siku hiyo nilijaribu kukumbuka neno la mwisho nililolisema kwa mdomo, nikaona ni "donati".

Katikati ya juma simu ikalia.

"Kaka yangu! Umetutupa!" Alikuwa mama wa Markham. "Mwalimu anahamia kwa mwanawe, huko mbali. Tunahitaji mtu wa kuhesabu. Wa kudumu. Kiti cha ujumbe utakiachia, ndiyo, lakini kila mwezi utakuwepo."

"Na nitafikaje?"

"Mume wangu atakupitia mlangoni."

"Mlangoni kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

"Kila mwezi? Hata watoto wakiwa na kuogelea?"

Akacheka. "Kumbe wewe! Hata kuogelea."

"Nataka nafasi mbili," nikasema. "Kuna mama yule wa Uvira."

Nikasikia mlango wa friji ukifungwa kwake. "Gari limejaa, kaka. Watoto watatu, mimi, mume wangu. Wewe utabanana nyuma. Yeye atafutiwe mwezi mwingine."

Hapo muuzaji yeyote wa Kariakoo angesema basi, akate simu, angoje. Nilijua vizuri kwamba walinihitaji. Siku tatu zingetosha. Nikaishikilia simu sikioni. Nikaangalia chumba changu, kiti kimoja, sahani moja kwenye kikaushio.

"Saa ngapi atapita?" nikauliza.

Jumapili hiyo nilipanda. Ndani ya gari kulikuwa na joto kama jikoni. Nikawasalimu watoto kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza, vizuri tu, na mdogo akaniuliza kwa nini koti langu linanuka biskuti. Baba yao akacheka, mama yao akasema sori, na mimi nikacheka pia, sauti yangu ikanishtua. Tukaikata barabara ya Sheppard. Theluji ilikuwa inaanguka kwa upande. Pale kituoni niliposimama na yule mama alikuwa amesimama mtu mmoja, koti refu, skafu imefungwa mpaka puani, amegeukia upande ambako magari yanatokea.

Niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Niliponyanyuka tulikuwa tumeshapita. Kioo cha nyuma hakikuwa na ukungu na barabara nzima ilionekana. Sikuangalia mara ya pili.