Folda ya Hitima

Asubuhi ile nilifika ofisini Usagara, hapa Tanga, na furaha isiyo na sababu, kama ninavyokuwa siku ambazo sura ya riwaya yangu imekubali kuandikika. Kazi yangu ilikuwa kutunza mafaili ya chama chetu cha kuwasaidia wanawake kisheria. Tulikuwa tumeyahamishia yote mtandaoni, na mimi niliipenda hifadhi ile mpya hadi kuiota. Unagusa simu, na kabati zima linafunguka kiganjani.

Ijumaa iliyofuata katibu muhtasi wetu alikuwa na hitima ya marehemu mama yake, kisomo cha Kurani nzima. Zamani angegawa juzuu thelathini kwa vikaratasi, nyumba hadi nyumba. Safari hii alichora jedwali kwenye kompyuta ya ofisi, kila msomaji ajaze jina mbele ya juzuu yake, akatuma kiungo kwenye kundi la ukoo.

"Mdogo wangu, njoo uone!" aliniita. "Juzuu ishirini zimeshachukuliwa, hata chai sijanywa!"

Nikaenda kushangilia naye. Majina yalikuwa yakichipuka mbele ya macho yetu, moja la Pemba, moja la Muheza, na mbele ya juzuu ya kumi na mbili, mtu wa Mkwaja.

Jina lile nililijua. Limo katika faili la mteja wetu, mshonaji aliyemkimbia mume anayempiga, akaja na wanawe wawili kujificha Nguvumali. Huyu alikuwa kaka wa mume.

"Dada, umetuma jedwali au folda?"

"Si kitu kimoja hicho?"

Nilifungua kiungo kwenye simu yangu. Jedwali lilikuwa ndani ya folda ya wateja, na kiungo kilifungua folda nzima. Faili la mshonaji lilikuwa hatua moja tu chini ya hitima.

"Toba!" katibu alishika kichwa. "Mama yangu atanisamehe?"

Vidole vyangu vilikimbia. Nikaondoa ruhusa, kiungo kikafa, kisha nikafungua kumbukumbu ya nani kafungua nini. Jedwali, mara thelathini na moja. Faili la mshonaji, mara ya mwisho jana, na mfunguaji ni mimi. Nikaruka, nikamkumbatia katibu, tukacheka huku analia.

"Tumepona!" nilimwambia mwanasheria wetu, mama wa makamo asiyepandisha sauti. "Faili la mshonaji halijaonwa. Hakuna haja ya kumtia hofu."

"Utamwambia leo," alisema. "Taarifa ni zake, mwanangu. Sisi tumewekeshwa tu. Na sheria haituachii kuchagua lini tuwe wakweli."

Nilikwenda Nguvumali kwa miguu. Nilimkuta mshonaji kwenye cherehani. Nilimweleza bila kupamba, mimi ninayeishi kwa kupamba maneno. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Aliwatazama wanawe uani.

"Faili halikufunguliwa na mtu isipokuwa nyinyi. Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeiona kumbukumbu kwa macho yangu."

"Na shemeji yangu kachukua juzuu ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Basi na aisome polepole, yakhe, asiimalize upesi akapata nafasi ya kunitafuta!"

Akacheka, cheko la ghafla, nami nikacheka hadi machozi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe hilo faili langu."

Hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo, wala mimi sikuwahi kufikiri kumpa. Nikaingiza nywila yangu, nikampa simu. Alisoma habari zake taratibu, midomo ikicheza, kama mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine. Mahali pawili alisema tumekosea, nikasahihisha palepale. Alipofika kwenye mtaa na rangi ya mlango wake, akasimama.

"Hapa mmezidisha. Mnahitaji rangi ya mlango wangu kwa kesi gani?"

Nikaichukua simu, tayari kufuta.

"Andika Tanga," alisema, akirudisha mguu kwenye cherehani. "Inatosha."

Nikafuta mlango, nikafuta mtaa, nikaandika Tanga.