Fomu iliyomzika Bosi akiwa hai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamke amepiga magoti kando ya kitanda. Fulana ya mtoto imepandishwa hadi kwapani, na macho ya mama yanahama kutoka kwenye kifua kidogo kinachopanda na kushuka hadi kwenye mshale mwembamba wa saa ya ukutani. Midomo yake inahesabu bila sauti.

"Arobaini na tatu," anasema dakika inapokwisha. Anaiandika kiganjani kwa kalamu, chini ya namba nyingine ambazo jasho limeanza kuzifuta.

Zinazohesabiwa ni pumzi. Muuguzi wa zahanati alimpa kazi hiyo Jumatatu, alipomwambia mtoto ana nimonia: hesabu pumzi za dakika nzima, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu umrudishe. Ikiwa bado zinazidi arobaini, anaandikiwa kwenda hospitali kubwa. Kifua kikianza kubonyea au akikataa kunywa, usisubiri siku wala saa.

Leo ni Jumatano, siku ya tatu. Jumatatu zilikuwa hamsini na mbili, jana arobaini na saba. Zinashuka, lakini hazijashuka vya kutosha, na mwanamke huyu ana roho juu.

Ana miaka ishirini na tisa na ni fundi cherehani katika kiwanda cha mashati. Anashona kola, na hashoni kingine chochote. Mwenzake anashona mikono, mwingine vifungo, na mashati yanapita mbele yao kwa mstari wanaouita laini. Kwa siku moja kola mia nne zinapita chini ya sindano yake, kwenye cherehani namba kumi na nne.

Wenzake wanamwita Mama Bosi. Bosi ndiye huyu aliyelala hapa, binti wa miaka miwili na nusu, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kuomba kitu. Huagiza. "Lete maziwa! Fungua mlango! Bibi, kaa hapo!" Kiwandani wanamtania mama yake kwamba mtu aliyemzaa bosi hawezi kufukuzwa kazi.

Wiki hii utani huo haumchekeshi.

Siku za kawaida Bosi hubaki na bibi yake, mama mzaa baba. Bibi ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na anachokiona ni mwanga wa mlango tu. Hata hivyo amemlea mjukuu huyu mwaka mzima bila hata mkwaruzo.

"Mtoto mzima namwona kwa masikio," anaeleza Bibi. "Akikimbia nasikia miguu. Akipanda meza nasikia meza. Tena huyu wetu, kelele zake hata jirani anamwona! Lakini mgonjwa ananyamaza. Akinyamaza, mwanangu, mimi simwoni kabisa."

Kwa sababu hiyo Mama Bosi hakwenda kazini Jumatatu. Mume wake ni dereva wa lori la kiwanda hicho hicho, na Jumapili alikuwa ameshaondoka na shehena ya mashati, safari ya siku sita. Anapiga simu kila anaposimama. "Mpe simu nimsikie anavyohema," huwa anasema, na simu inawekwa karibu na kifua cha mtoto.

Kumhudumia mtoto mgonjwa si kazi ngeni kwa mzazi yeyote. Kilichomshinda Mama Bosi ni karatasi.

Fomu ya ruhusa ya kiwanda chake ina visanduku viwili. Cha kwanza ni ugonjwa, na hapo unaambatanisha cheti cha zahanati. Alipeleka cheti Jumatatu mchana kupitia kwa jirani. Kikarudi na maneno ya karani wa ajira: "Cheti hiki ni cha mtoto. Mtoto si mfanyakazi wetu."

Kisanduku cha pili ni msiba. Msiba unakupa siku tatu na hakuna anayekuuliza cheti. Mtu asipokuwa na kisanduku, siku zake zinaandikwa utoro, na siku tatu za utoro ni mwisho wa mkataba.

Ndiyo maana, kwa miaka mingi, mtu yeyote aliyebanwa na jambo la nyumbani alikuwa anamfisha bibi yake. Kiwanda kilizika mabibi wengi kuliko makaburi ya mji mzima. Kuna fundi wa mikono aliyemzika wake mara tatu, na mwezi wa nane bibi huyo huyo akatokea getini, mzima kama chuma, kumletea mjukuu funguo alizosahau. Tangu siku hiyo bibi akafutwa kwenye fomu. Wakabaki watatu tu ambao kufa kwao kunatambulika: mzazi, mwenzi na mwana.

Jumanne saa sita mchana, msimamizi wa laini ya pili, laini yake, alimpigia simu Mama Bosi. Mafundi wanamwita Dakika, kwa kuwa hakuna sentensi yake isiyokuwa na neno hilo.

"Tulia, mama, ulee mgonjwa wako," alimwambia. "Nimeshakuandikia siku tatu. Dakika mbili tu, kwisha."

"Umeandika nini?"

"Msiba."

"Msiba wa nani?"

Wazazi wa Mama Bosi walishafariki, na karani aliwazika kwenye faili zamani. Mume ni dereva wao wenyewe, Jumapili tu kasaini mafuta. Kwa hesabu ya fomu alikuwa amebaki mmoja.

"Nimeandika mwana," alisema Dakika. "Ni karatasi tu."

Mama Bosi anakumbuka alivyomjibu. "Nilimwambia, kaka, unamchuria mwanangu! Yuko hapa anapigania pumzi, wewe unamwandika marehemu? Futa. Akasema nikifuta, Alhamisi huna kazi. Nikamwambia futa. Simu ikakatika, salio lake likawa limeisha, na mimi sikuwa nalo."

Bibi, aliyekuwa anasikiliza, alitoa wazo lake pale pale. "Mwambie aniandike mimi. Mimi nimekula chumvi nyingi, uchuro haunitishi."

"Mama, bibi hayupo kwenye fomu," mkwewe alimjibu.

"Hata kufa nako siku hizi kuna foleni?"

Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Katika nyumba hii, kama katika nyumba nyingi, maneno huumba. Kitu hakitajwi ovyo, sembuse kuandikwa kwa wino na kupigwa muhuri.

Wakati huo karatasi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Dakika. Saa nane mchana tangazo la msiba lilibandikwa ukutani, pale mafundi wanaposaini. Mwandishi wa makala haya alikuwa amefika kiwandani siku hiyo kuandika habari za mashati. Alikuta cherehani namba kumi na nne imefunikwa kitambaa, na mashati yasiyo na shingo yamerundikana mezani. Jioni akajikuta kwenye msafara wa kwenda kutoa pole.

Walikuwa wanawake sita, na sukari kilo mbili. Njia nzima hakuna aliyezungumza, isipokuwa fundi wa vifungo, aliyekuwa anarudia, "Juzi tu alinionyesha picha yake."

Mama Bosi alikuwa ametoka kuchota maji kwenye bomba la uani. Ndani, Bosi alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na Bibi ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Fundi wa vifungo alifika mlangoni, akaona kitanda na kitu kidogo kilichofunikwa shuka, na uvumilivu ukamwisha.

"Jamani, Bosi wetu!" alilia. Wengine watano wakampokea.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na mtu mmoja asiyeona, na mtoto asiyetoa sauti. Bibi alisikia kilio mlangoni mwake, akasikia jina la mjukuu wake, na upande wa kitanda hakusikia kitu. Alianguka kutoka kwenye kigoda. Akaanza kupapasa godoro kwa mikono miwili, akitafuta, huku akisema, "Nilikuwa hapa, mimi nilikuwa hapa hapa, sikuondoka."

Kule uani ndoo ilidondoka. Mama Bosi alitoka mbio bila viatu, na aliyekuwa mlangoni alisukumwa ukutani. Mwandishi huyu hajawahi kuona uso wa namna ile na haombi kuuona tena.

"Nilijua neno limeumba," anasema leo, bado amepiga magoti. "Kutoka bombani hadi mlangoni ni hatua thelathini. Mwanangu alikufa kwenye zile hatua zote."

Mikono ya Bibi ndiyo iliyotangulia kufika. Ilikuta mguu, ukiwa moto. Mwenye mguu aliamka, akakohoa, akatazama umati uliojaa chumbani mwake bila kibali.

"Nyamazeni!" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nimelala!"

Haijawahi kutolewa amri ikatiiwa upesi hivyo. Fundi wa vifungo aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Kisha wanawake sita wakaanza kulia upya, safari hii wakiwa wamefunika midomo kwa viganja ili wasimwamshe bosi.

Jumatano hii, saa mbili asubuhi, Bosi yuko mgongoni mwa mama yake kwenye foleni ya zahanati. Mama amekikunja kiganja chenye namba.

Muuguzi hana haraka. Anasubiri kikohozi kipite, anasubiri mtoto aache kununa, kisha anashika saa yake na kuanza kutazama kifua. Dakika moja ni ndefu mno ukiwa mzazi. Mama Bosi naye anahesabu, na mara mbili anapotea njiani.

"Thelathini na nane," anasema muuguzi. "Ulimhesabu asubuhi akitoka kukohoa, siyo? Basi. Endelea na dawa hadi siku ya tano. Hospitali kubwa hatuendi."

Mama Bosi anashukuru, anamfunga mtoto mgongoni, na kwenye njia panda hakati kona ya nyumbani. Anakwenda kiwandani.

Ofisi ya karani wa ajira ni chumba chenye meza moja na kabati la faili. Karani ni mwanamke wa makamo. Anamwona mtoto aliye mgongoni, anamtazama mama, anaangalia tangazo la jana ambalo nakala yake iko mezani, na kalamu inamtoka mkononi.

"Nimekuja kufuta," anasema Mama Bosi.

"Dada, unajua unachofuta? Nikiondoa msiba, siku zako tatu zinakuwa utoro. Leo ndiyo ya tatu."

"Najua. Futa."

"Na nani aliandika uongo huu? Maana huyo naye ana lake la kujibu."

Mama Bosi anasema hajui. Labda mtu alisikia vibaya kwenye simu, anasema, mtandao ulikuwa unakatakata. Ni mama mkweli, na anadanganya vibaya. Mlangoni kuna mtu amesimama na kofia mkononi.

"Mwandiko ni wangu," anasema Dakika. "Nina mafundi ishirini na wawili. Nikiandika ukweli, nampoteza fundi wa kola. Nilidhani namsaidia. Mimi pia nina watoto, nilipaswa kujua." Kisha anamgeukia Mama Bosi. "Nisamehe, mama."

Mama Bosi anamkabidhi karani kalamu iliyokuwa imeanguka.

Wino haufutiki. Karani anapiga mstari juu ya neno mwana, mstari mwingine juu ya neno msiba, na Mama Bosi anaweka sahihi pembeni ya kila mstari. Anakandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka.

"Sasa fomu yako haina sababu," anasema karani. Halafu anafungua droo, anatoa rula, na chini kabisa, mahali palipoachwa kwa ajili ya muhuri, anachora kisanduku cha tatu. Pembeni yake anaandika: mtoto anaumwa.

"Sijui kama meneja atakikubali," anasema. "Jibu ni Jumatatu, hadi hapo baki na mtoto. Mimi nimechora tu."

Mama Bosi anatia alama ya vema. Bosi, aliyekuwa akichungulia juu ya bega, anataka kalamu na yeye. Anakataliwa, na kilio chake kinasikika hadi laini ya pili. Mafundi wanasimamisha cherehani kumsikiliza. Dakika hawaambii waendelee.

Jioni nyumbani, mtoto anagonga mfuniko wa sufuria sakafuni na kuamrisha maziwa. Bibi ameketi kwenye kigoda chake na kichwa amekiinamisha upande, kama anayesikiliza redio. "Leo namwona vizuri," anasema.

Mama Bosi anaosha kiganja. Namba zinatoka polepole, kwa sabuni. Hana uhakika wa kazi, na halifichi hilo. Anasema akipewa nafasi ataomba jambo moja, kisanduku kile kichapwe kwenye fomu kwa mashine, si kuchorwa kwa rula kwa huruma ya mtu. Fundi wa vifungo ameshakusanya sahihi kumi na tisa, na inasemekana ya ishirini itakuwa ya Dakika.

"Jumatatu nitawahi," anasema. "Saa moja nitakuwa nimefunua cherehani yangu, nimetia uzi, nimeanza kola ya kwanza. Wakija kuniambia niondoke, watanikuta nashona."