Ijumaa ya Kwanza na Skuta

Mume wangu alinifanya hamali dukani, mbele ya watu, na mimi si mtu wa kunyamaza. Ilikuwa siku ya kuchagua skuta, kile kigari cha umeme cha kukalia, ambacho watoto wetu walichanga kumnunulia baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kushoto. Mwenye duka alianza na zile kubwa kubwa, viti vya kunesa, magurudumu mapana. Mimi nikazipenda. Barabara za Likoni nazijua, shimo hili umelikwepa, lile linakungoja mbele. Mume wangu wala hakuzikalia. Kila moja aliniambia, "Hebu inyanyue."

"Kwani mimi kuli wa Kipevu?" nikamwuliza. Kuli wa Kipevu, kule bandarini, alikuwa yeye, mpaka alipostaafu.

"Inyanyue tu, bibi."

Ya kwanza haikuondoka chini. Ya pili ilinivuta kiuno, nikaweka mkono mgongoni na kumtolea jicho. Mwishowe ikaletwa nyembamba, ya kukunja, ukiibana katikati inalala kama kigari cha mtoto mchanga. Ile niliiinua kwa mkono mmoja. "Hii hii," akasema. Hata kiti hakukiuliza, na kiti chenyewe kilikuwa chembamba kama sinia. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Mwenye duka alikuwa amenionyesha kitu kimoja kilichoninyima usingizi. Nyuma, chini ya kiti, kuna kipini cha manjano. Kikiwa chini, mota hushika magurudumu na skuta haisogei hata ukiisukuma. Ukikiinua, magurudumu yanaachiwa, ili mtu aweze kuikokota ikizimika, lakini hapo breki hakuna tena. "Usikiinue mtu akiwa amekaa kwenye mteremko," alisema. Mteremko! Na sisi wa Likoni hatwendi popote bila ya kuteremka ferini.

Wiki ile ile mume wangu akatangaza kwamba Ijumaa atakwenda kusali Mjambere, kule Kisauni, msikiti wa mtaa aliozaliwa. Peke yake.

"Na mimi?"

"Wewe utabaki upike."

"Bwana we, ukianguka je?"

"Nikianguka nitaokotwa. Tangu niugue sijatoka mlango huu bila mtu kunishika kwapa. Kama siwezi kwenda msikitini nikarudi, basi iuzeni hiyo skuta, mnilaze kitandani yaishe."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Miezi mingi nilikuwa nikimwona anavyougeuza uso ukutani ninapomvua shati. Nilijua akishindwa Ijumaa ile hatajaribu tena. Nikasema haya, nenda salama.

Wallahi sikuwa na nia ya kubaki. Mimi hutembea uso wazi, na mtaa mzima unanijua kwa mtandio wangu na kandambili zangu. Siku ile nikaazima buibui na nikabu ya jirani, na viatu vyake pia, vikanibana vidole. Alipokata kona nikatoka. Mwanamke mzima, namnyemelea mume wangu mwenyewe njiani kama niliyesikia ana mke wa pili!

Alikwenda pembeni mwa barabara, mgongo umenyooka, kanzu ameikunja mapajani isinaswe na gurudumu. Kila tuktuk ilipopiga honi, aliyeruka ni mimi. Midomo inasoma kila dua niliyofunzwa chuoni.

Ferini askari akamfungulia lango la pembeni apite mwanzo, wapitishwavyo wagonjwa. Lo! Hilo sikulifikiria. Mimi nikabaki nyuma ya lango na umati, mzima wa afya, namtazama anakwenda. Na maji yalikuwa yamekupwa. Yakikupwa, ule mteremko wa kuingilia feri huwa mkali hata kwa mwenye miguu yake. Lango letu lilipofunguliwa nilisukuma watu bila haya.

"Mama, taratibu! Feri haikimbii!"

Nikamwona. Alikuwa amesimama katikati ya mteremko, watu wanampita kulia na kushoto, ameung'ang'ania usukani kwa ule mkono wake mzima. Ameogopa, masikini, na mimi nilikuwa bado mbali.

Watu wa huku hatumwoni mtu amekwama tukampita. Msukuma mkokoteni mmoja, kifua kipana, akauegesha mzigo wake. "Tulia mzee, nakusukuma." Akasukuma, haikusogea. Akainama kutafuta kinachoishika, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kipini cha manjano.

"Usiguse!" nilipiga ukelele. "Cha manjano usikiguse!"

Alikuwa amekwisha kukiinua. Skuta ikaanza kuteremka, kwanza polepole, kisha si polepole. Yule bwana akakidaka kiti, kikamponyoka, akakidaka tena. Nami nikafika, kiatu kimoja kimebaki nyuma, nikaukumbatia mgongo wa kiti kwa mikono miwili na kukikanyaga kipini mpaka kikashuka. Ikasimama. Maji yalikuwa pale pale pembeni, meusi, yana mafuta.

"Nisamehe mzee, nilitaka kusaidia tu," msukuma mkokoteni alisema, jasho linamtiririka.

"Si neno." Mume wangu hakugeuka. Alivuta pumzi, kisha akasema akitazama mbele, "Ahsante, mama uliyenishikia. Mungu akulipe."

Mama! Ndoa yote hii, na sauti yangu haijui? Nilishukuru kwa ile nikabu, na moyo ukaniuma papo hapo. Akabonyeza usukani, akateremka mwenyewe mpaka ndani ya feri. Nilisimama nyuma yake njia nzima.

Ng'ambo aliupanda mteremko mwenyewe hadi penye tuktuk. Akashuka kitini, akaegemea ukuta, akaikunja skuta kwa mkono mmoja kama alivyofundishwa. Kisha akainama kuipakia. Ikaondoka chini kidogo, ikarudi. Akajaribu tena, ikarudi. Dereva akaja kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. Nikajisemea, basi, hapa ndipo. Sasa atasema iuzwe.

"Yule mama aliyenishikia," akasema, bado kanipa mgongo, "yuko?"

Ulimi ulinitangulia, kama kila siku aniitapo. "Abee."

"Nakuomba unipakilie. Ni nyepesi, utaiweza kwa mkono mmoja. Nilihakikisha dukani."

Machozi yakanitoka chini ya nikabu. Nilisogea, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nikaiinua, nikaitia ndani. Hakunitazama. Alipanda, akajisogeza mpaka mwisho wa kiti, akamwambia dereva, "Mjambere. Tuko wawili."