Siku Nilipojihesabu

Nilianza kutosikia vizuri nikiwa bado naitwa wakili kijana. Mwanzoni niliulaumu upepo. Singida mjini upepo ukianza kupiga mabati, hata mwenye masikio mazima huomba kurudiwa maneno. Baadaye nikawalaumu watu. Karani wa mahakama nilimwona anaongea kama ana uji mdomoni, na mume wangu nilimwambia siku hizi anaongea akiwa amenipa kisogo.

"Si mimi," akasema mume wangu. "Wala si upepo. Twende Dodoma ukapimwe."

Daktari alinipima, akaniandikia kwenye karatasi ili nisikosee: mishipa ya masikio yote mawili inakufa polepole na haitarudi. Nilipewa vifaa vya kuvaa masikioni. Ndani ya chumba kilichotulia vinasaidia. Mahakamani hakuna utulivu. Kuna feni, madawati yanayoburutwa, watoto wa washtakiwa wanaolia, na pikipiki dirishani. Vifaa vile vilikuwa vinanikusanyia kelele zote na kuzimwaga kichwani kwa pamoja, kwa hiyo nikawa navivua kabla shauri halijaitwa.

Nikajifunza kutazama midomo. Nilichagua mahali pa kukaa ambapo ningemwona hakimu na shahidi kwa wakati mmoja. Shahidi akiongea ameinamisha kichwa nilimwambia, "Paza sauti, tazama huku, mahakama ikusikie." Watu wakasema yule mama ni mkali. Nilikubali kuitwa mkali. Zaidi ya mume wangu, hakuna aliyejua.

Ndipo mawakili wa mkoa wetu, ambao tuna kikundi chetu cha kukutana na kusaidiana, wakaamua tujitambue. Mwenyekiti wetu, mzee mpole ambaye wengi wetu tulijifunzia kazi ofisini kwake, alisema tunapaswa kujua sisi ni akina nani: wanawake ni wangapi, vijana ni wangapi, nani ametoka vijijini, nani ana ulemavu. Angeipeleka taarifa hiyo kwenye mkutano wa mawakili wa mikoa mbalimbali. Kazi ya kuzunguka na kuuliza nikapewa mimi.

Niliifurahia kuliko nilivyoonyesha. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Ulemo. Wasichana niliosoma nao darasani wengi waliishia kuolewa kabla ya kidato cha nne, na mara ya kwanza nilipoingia mahakamani na suti yangu nyeusi, askari wa mlangoni aliniuliza ndugu yangu ameshtakiwa kwa kosa gani. Niliamini kwamba tukishahesabiwa tutaonekana, na tukionekana mambo madogo yatarekebishwa: kipaza sauti mahakamani, njia ya kiti cha magurudumu, chumba cha wakili anayenyonyesha. Sikuona kwamba naomba makubwa.

Mwingine angefanya kazi ile kwa simu. Mimi simu sikuziweza tena, nikapanda mabasi. Manyoni nilikaribishwa soda na wakili aliyecheka sana. "Dada," akasema, "sisi hapa hatubagui. Andika wote ni binadamu, yaishe." Ofisini kwake hapakuwa na mwanamke zaidi ya yule aliyeleta soda.

Ikungi kuna wakili mtu mzima ambaye mguu wake mmoja ulidhoofika kwa polio tangu utotoni. Anatembea na fimbo. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha nikamweleza nilichofuata.

"Mengine yote andika," akasema. "Hilo la ulemavu liache wazi."

"Lakini mzee, mguu wanauona."

"Wanauona, ila hakuna aliyewaambia waufikirie. Leo mteja akiingia hapa anafikiria kesi yake. Ukishaniandika na nikasomwa hadharani, ataingia akifikiria mguu wangu."

Nilibishana naye kidogo. Nilimwambia wapo vijana wenye ulemavu wanaosoma sheria sasa hivi, wanatafuta mtu wa kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nitapata basi la kurudi.

Nilipofika nyumbani jioni nilimweleza mume wangu kwamba katika mkoa mzima hakuna hata mmoja aliyekubali kuandikwa kuwa ana ulemavu.

"Basi nijiandike mimi," nikasema.

Aliacha kumenya vitunguu. "Una uhakika?"

"Nisipojiandika itasomwa kwamba hatuna."

"Na ikisomwa mmoja, utapata nini?"

Nikavuta karatasi. Nikajiandika.

Mkutano ule wa mikoa ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Mwenyekiti alisoma taarifa yote vizuri, na alipofika penye ulemavu akanyanyua uso. Nilimwona midomo ikisema: tunaye mwenzetu mmoja, na ni mwanamke, na hasikii, lakini mmemwona anavyopambana. Tumpigie makofi. Watu wakasimama. Makofi niliyaona tu, mikono mingi ikigongana, nyuso zikinitabasamia kwa huruma. Nikapigwa picha katikati ya wakubwa. Mwanamke mmoja niliyewahi kumshinda kesi mara kadhaa alinikumbatia huku akifuta machozi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Hakuna aliyenifanyia ubaya, na hilo ndilo linalonichosha kulieleza. Mawakili waliokuwa wakinipa mashauri yao wanaposafiri waliacha, na nilipouliza mmoja akanijibu, "Tumeona tusikubebeshe mzigo, wakili. Upumzike." Katika mahakama moja ya wilaya, hakimu ambaye tulikuwa tunaheshimiana kwa miaka alinisimamisha mbele ya mteja wangu. "Wakili msomi, una hakika umenisikia?" Nilikuwa nimemsikia. Nikarudia alichosema neno kwa neno. "Hata hivyo," akasema, "siku nyingine njoo na mtu wa kukusaidia." Nikaomba badala yake wazungumzaji waelekezwe wanitazame, au kiwekwe kipaza sauti. Alisema hilo liko juu ya uwezo wake. Nikampelekea mwenyekiti wetu ombi hilohilo. Alinijibu kwa upole kwamba limepokelewa.

Nilikuwa na mteja wa Sepuka, mama mjane aliyekuwa anagombania shamba na shemeji zake. Shauri lake nilikuwa nalo tangu mwanzo. Asubuhi moja alikuja ofisini na kijana wake mkubwa. Kijana akaniamkia, akabaki amesimama.

"Mama, tumesikia kwamba husikii," akasema.

"Kesi yenu nimewahi kuikosea?"

"Hapana."

Nikamgeukia mama yake. Alikuwa anatazama sakafu, ikabidi nimwombe anyanyue uso ndipo nimwelewe. "Mwanangu, umenipigania," akasema. "Lakini shamba ni hilo moja tu. Sina lingine la kujaribia."

Niliwapa jalada lao. Walipata wakili mwingine na wakashinda, kwa hoja nilizokuwa nimeziandika mimi. Mama yule alinitumia alizeti kidogo kama shukrani. Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikalia, kwa sababu nilijua kuanzia siku hiyo kila mtu wa Sepuka ataamini kwamba walifanya vizuri kuniacha.

Yule mzee wa Ikungi nilikutana naye kwenye korido ya mahakama miezi kadhaa baadaye. Hakunikumbusha chochote. Alisogeza fimbo yake nikakaa, akanigeukia uso mzima, akaongea taratibu kuhusu kuku wa mkewe. Ndiye mtu pekee mahakamani aliyewahi kunigeukia hivyo bila kuombwa.

Siku hizi sisimami mahakamani. Naandaa hati za madai na viapo, wenzangu wanasaini na kwenda kuzisema. Kila mwaka mwenyekiti ananitumia ujumbe kuuliza kama bado nipo, nami najibu nipo, na taarifa ya mkoa wetu inaonyesha tunaye mmoja. Mwaka jana alisema mkoa wetu umesifiwa.

Jambo ambalo sikulifikiria kabisa ni la nyumbani. Midomo niliyojifunza kuisoma ni ya Kiswahili, tena Kiswahili cha mahakamani. Mama yangu kule Ulemo anaongea Kinyiramba. Nilipokwenda kumwona baada ya mavuno alikuwa amekaa jikoni anachambua mboga, akaongea muda mrefu, mara anainama, mara anacheka na kujiziba mdomo kwa kiganja. Masikio yalikuwa yamezidi kufa na vifaa havikunisaidia tena, sikupata hata neno. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena, akaniangalia, nikaona anadhani nimesahau lugha yake huko mjini.

Akaniuliza kitu, nadhani lilikuwa swali, maana alinyamaza akingoja. Nikaitikia kwa kichwa. Uso wake ukabadilika, akarudi kwenye mboga zake, na mpaka leo sijui nilikubali nini.